Kuwatoa vijana Mwanza hadi Würzburg: mwongozo wa safari ya kwenda

Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji ndugu tangu 1966, ndiyo maana kila baada ya muda unasikia kwaya, kikundi cha ngoma au shule fulani ya huku imealikwa. Mwaliko ukifika, wazazi wanaanza kuogopa baridi, treni na lugha. Mimi nimeongoza vikundi viwili vya vijana wa miaka 14 hadi 17, na Ulaya haikutusumbua hata kidogo. Tulisumbuka kati ya Buhongwa, hapa Mwanza, na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwongozo huu umeelemea huku nyumbani, na nimefanya hivyo makusudi.

1. Anza na jina kabla ya pasipoti

Kabla hujafungua fomu ya Uhamiaji mtandaoni, mketishe kila kijana mezani na cheti chake cha kuzaliwa, karatasi za shule na vitambulisho vya NIDA vya wazazi wake. Soma majina herufi kwa herufi. Kwetu Usukumani mtego uko hapa. Cheti kinasema Ng'wandu, shule imeandika Ngwandu, kitambulisho cha baba kinasema Mwandu. Sisi tunajua ni ukoo mmoja. Karani wa ubalozi hajui, wala si kazi yake kujua.

Amua mapema jina lipi linasimama, na kwa kawaida ni lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Tofauti zinazobaki zitolee maelezo kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Ukiliacha hili hadi wiki ya kwenda Dar, utalipa wakili kwa bei ya haraka na usingizi utakupaa.

Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000. Wapeleke vijana wote Uhamiaji siku moja wakiwa na wazazi wao, maana mmoja akikosa karatasi, mwenzake ana mzazi mwenye bodaboda wa kumkimbiza nyumbani. Zikitoka, tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za <<<. Baada ya herufi TZA linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili, kisha majina mengine. Utaona ritifaa ya Ng' imeondoka: imekuwa NGWANDU. Tiketi iandikwe vivyo hivyo. Wakala wa tiketi asiandike majina kwa kusikia. Mpe nakala ya pasipoti, na akikuletea tiketi zilinganishe na mistari ile kabla hujamlipa.

2. Ruhusa ya wazazi, yaani wote wawili

Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na hakuna anayekuonya. Kwa mtoto chini ya miaka 18, ubalozi unataka ridhaa ya maandishi ya baba na mama, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Sasa hesabu vijana wako: wangapi wanaishi na wazazi wote wawili? Katika kikundi changu cha kwanza cha vijana 14, walikuwa sita. Wengine walikuwa kwa bibi, kwa mjomba, kwa mama peke yake, na mmoja kwa shangazi ambaye hata mahakamani hajawahi kukanyaga.

Mzazi akiwa amefariki, tafuta cheti cha kifo. Mzazi akiwa hai lakini hayupo, itabidi apatikane na asaini, au mlezi apate hati ya mahakama ya kumlea mtoto. Hati hiyo haitoki kwa siku mbili, kwa hiyo anza miezi mitano kabla ya safari. Kuna binti mmoja wa Ukerewe ambaye baba yake tulimtafuta hadi kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Wakati ule tulisubiri kivuko pale Kigongo nusu siku. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na ng'ambo ni dakika chache. Yule mzee alitusikiliza, akafuta vumbi mikononi, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, na kurudi atarudi?" Nikamwambia atarudi. Akasaini kwa kalamu yangu, na ile kalamu akabaki nayo.

Tengeneza nakala tatu za kila ruhusa: ya ubalozi, ya kwako mkononi, na ya akiba kwenye begi la mlezi mwenzako. Afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kuuliza watoto hawa ni wa nani na unawapeleka wapi, na hatataka kusikia kwamba karatasi iko kwenye sanduku lililokwisha kupita kwenye mkanda.

3. Viza, na safari ya Dar ambayo watu husahau kuiweka kwenye bajeti

Viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, inaombwa si mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Maamuzi huchukua siku 15, yanaweza kufika 45. Wewe chukulia 45. Unaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kila aliyefikisha miaka 12 anachukuliwa alama za vidole, hivyo lazima afike mwenyewe Dar, hakuna kutuma mtu. Hapo ndipo bajeti za vikundi vingi hupasuka: mmehesabu nauli ya kwenda Dar mara moja, kumbe ni mara mbili. Faraja ni kwamba alama hizo hutunzwa karibu miaka mitano, aliyekwisha kwenda hasumbuliwi tena.

Ada ni euro 90 kwa mwenye miaka 12 na zaidi tangu Juni 2024. Lakini wanafunzi wanaokwenda kwa ajili ya masomo, pamoja na walimu wanaoongozana nao, husamehewa ada. Mwombe mwenyeji aeleze kusudi hilo waziwazi kwenye barua ya mwaliko. Vikundi vingi vimelipa bure kwa kuwa barua imesema tu "kututembelea".

Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya.

Wafanyishe mazoezi ya maswali. Kijana wangu mmoja, mpiga ngoma hodari, aliulizwa dirishani anakwenda kufanya nini, akajibu kwa adabu zote: "Kutembea." Barua inasema anakwenda kwenye mabadilishano ya wanafunzi. Ilibidi niitwe nifafanue. Kila mmoja ajue kusema anakwenda mji gani, kwa nani, siku ngapi, na nani anagharamia. Sentensi nne zinatosha. Asikariri kama shairi.

4. Tiketi: kipande cha Mwanza–Dar ndicho cha kuogopa

Kutoka Dar unaweza kufika Frankfurt, mtakakopanda treni ya Würzburg, kwa kubadilisha ndege mara moja tu, Addis Ababa, Doha au Istanbul. Chagua mapumziko ya saa mbili na nusu hadi tano. Chini ya hapo vijana 14 hawawezi kukimbia pamoja, na juu ya hapo wanaanza kutawanyika. Ukilazimika kukaa Addis zaidi ya saa 12, kumbuka wakati wa kurudi unaweza kuulizwa kadi ya homa ya manjano hapa nyumbani. Chanjo hiyo inachomwa angalau siku 10 kabla na ni ya maisha.

Kipande cha Mwanza hadi Dar ni saa moja na nusu hivi angani, na ndicho kilichokaribia kutuangusha. Mara ya kwanza nilinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa: ya ndani ya asubuhi, ya kimataifa ya usiku. Nikajiona mjanja, nina saa tisa katikati. Ndege ya asubuhi ikaahirishwa hadi mchana, ya mchana hadi jioni. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, kampuni ya pili haikuwa na deni lolote kwetu: ukichelewa, umechelewa. Tulifika kaunta ya kimataifa zikiwa zimebaki dakika 20 waifunge, vijana wanahema, mmoja ana kiatu kimoja mkononi.

Tangu siku hiyo nina njia mbili tu. Ama tiketi moja kutoka Mwanza hadi Frankfurt, ambapo mkichelewa ni wao wanaohangaika kuwapangia ndege nyingine, na masanduku yanaweza kuandikishwa moja kwa moja (uliza, usidhani). Ama kushuka Dar siku moja kabla na kulala huko. Ukienda kwa basi kutoka Nyegezi, shuka siku mbili kabla, kwa sababu ni zaidi ya kilomita 1,100 na vijana watafika wamevimba miguu. Wengine siku hizi wanachukua basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR. Ni njia nzuri, ila masanduku mnayabeba mara mbili.

5. Saa

Tiketi inasema 03:25. Wewe unawaandikia wazazi "saa 9 na dakika 25". Mzazi mmoja anaelewa alasiri, mwingine alfajiri, wa tatu anaamini ni saa 3 na dakika 25 asubuhi kwa sababu ameiona mwenyewe kwenye tiketi. Andika kila mara namna mbili kwa pamoja: "saa 9:25 usiku, yaani 03:25".

Kubwa zaidi ni tarehe. Ndege ya 03:25 ya Jumamosi unaifuata Ijumaa jioni. Tumia maneno yetu, yanafanya kazi kuliko kalenda: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Baba Kulwa alinipigia Ijumaa saa 4 usiku kuuliza Kulwa na Doto waje na nguo gani kesho. Mapacha wenyewe walikuwa wamelala, masanduku bado matupu.

6. Mizigo

Kwa kawaida ni kilo 23 za chini na kilo 7 za mkononi, ila soma tiketi yako. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, au azima ya muuza samaki.

Kama ni kikundi cha ngoma, zungumza na kampuni ya ndege kuhusu ngoma zenyewe wiki kadhaa kabla, zina ukubwa wa ajabu. Majembe ya bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma inayochezwa na majembe, yaingie sanduku la chini, yamefungwa vitambaa. Najua inaonekana ni jambo la wazi, lakini kijana aliyetunziwa jembe na babu yake anataka kulishika mkononi. Mashine ya ukaguzi haimjui babu. Mavazi yenye ngozi ya mbega, manyoya au meno ya wanyamapori yaache Mwanza kabisa. Bila vibali ni kesi pande zote mbili.

Chakula kinahitaji ukali. Nyama na maziwa kwa namna yoyote haviingii Ulaya, hata vipande viwili vya nyama choma vya njiani. Matunda mengi hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe liache. Dagaa unaruhusiwa kwa matumizi yako, sheria ya samaki ni hadi kilo 20 kwa mtu, lakini fikiria nguo za jukwaani zitakavyonuka. Ukishindwa kujizuia, tumia kopo la bati lenye kifuniko na ulizungushie utepe wa gundi. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wale njiani waimalize.

Begi la mkononi la kila kijana liwe na sweta, soksi, dawa zake, nguo moja ya kubadili, kalamu, na kitenge au khanga. Ndani ya ndege kuna baridi kuliko Frankfurt yenyewe, na kitenge ni shuka. Vimiminika visizidi mililita 100 kila chupa, vyote kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Mafuta ya nazi ni kimiminika, na losheni vilevile. Betri ya akiba ya simu haiendi sanduku la chini hata siku moja.

Plagi za Ujerumani zina vijiti viwili vya mviringo. Usinunue adapta 14. Nunua nne pale Makoroboi, Mwanza mjini, na beba ekstensheni nne za kwetu, za plagi ya vijiti vitatu bapa. Kila adapta inalisha ekstensheni moja, vijana wanne wanachaji.

7. Usiku wa mwisho na asubuhi ya Mwanza

Wote walale mahali pamoja upande wa Ilemela. Uwanja uko kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji, na kijana anayetoka Buhongwa lazima apite Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na mjini penyewe. Lori moja likiharibika Mkuyuni, umempoteza. Wa Ukerewe waje na meli ya Nansio siku moja kabla, si asubuhi ileile, maana ziwa likichafuka halina ratiba.

Wazazi waage huko mlikolala. Uwanjani waje wachache. Nimeona sala ya kuaga ikachukua dakika 40 huku foleni ya kaunta inasonga bila sisi. Mpe mchungaji au shehe wako dakika tano, na mwambie mapema, kwa heshima.

Mpe kila mmoja namba. Hesabu kwa sauti, kila mtu anataja yake: moja, mbili, tatu. Kuhesabu vichwa kwa macho ni kujidanganya, hasa mkiwa na Kulwa na Doto. Wale wawili walibadilishana kadi za kupandia ndege ili mmoja akae dirishani, na mlangoni mashine ikakataa wote wawili. Mhudumu akatazama pasipoti, akawatazama, akatazama tena pasipoti. Tuliingia ndege wa mwisho.

Pasipoti ninazishika mimi. Nagawa tukifika kaunta, kila mmoja anapita na yake, nakusanya upande wa pili. Kuna walezi wanaosema vijana wajifunze kuwajibika. Sawa, wajifunzie kwenye funguo za chumba.

Ndege ikiruka, wape pipi ya kutafuna kwa ajili ya masikio. Waache wachungulie: ziwa, kisiwa cha Saanane, mawe. Kwa wengi ni mara ya kwanza kuliona ziwa lote halina mwisho, na hapo watanyamaza bila kuambiwa.

8. Dar na uwanja wa kubadilishia ndege

Ndege za kimataifa za Dar zinaondokea jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kazi 2019. Muwe hapo saa tatu kabla. Kwa afisa wa uhamiaji, mlezi mmoja atangulie na bahasha ya ruhusa, mwingine awe wa mwisho. Vijana katikati, kwa mpangilio wa namba. Atakayeulizwa ajibu mwenyewe. Shikamoo yake itapokelewa vizuri hapa, aitumie, kwa sababu baada ya hapa haina pa kuitikiwa.

Mkishuka kubadilisha ndege, fanyeni mambo matatu kabla ya choo na kabla ya intaneti ya bure: kuhesabiana, kutafuta namba ya mlango kwenye ubao, na kwenda hadi mlangoni wenyewe wauone kwa macho. Kisha ruhusu wawili wawili, kwa dakika 30. Ukaguzi utarudiwa, hivyo maji yaliyonunuliwa Dar yanaishia kwenye pipa.

9. Frankfurt hadi treni

Foleni yenu ni ya pasipoti zote, si ya Umoja wa Ulaya. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuwasajili wageni kwa kompyuta, hivyo uso utapigwa picha na vidole kulinganishwa na vya kwenye viza. Hilo linachukua muda kwa kikundi, lihesabu unapopanga treni. Kila kijana awe na nakala ya mwaliko mkononi.

Stesheni ya treni za mbali iko hapohapo uwanjani, upande wa jengo la kwanza, inaitwa Fernbahnhof. ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, hadi Würzburg ni saa moja na zaidi kidogo. Mwenyeji akiwanunulieni tiketi, mwombe isiwe ile ya bei nafuu inayokufungia treni moja, kwa sababu ndege ikichelewa imekwisha. Treni inasimama dakika chache tu. Namba ya behewa na herufi ya sehemu ya kusimama vimeonyeshwa kwenye jukwaa, jipangeni hapo mapema, masanduku yakiwa mikononi. Mlango una kitufe, na yule aliye mbele ajue kwamba ni yeye wa kukibonyeza. Sisi tulisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa heshima kabisa, tukisubiri kondakta atufungulie.

Mkishakaa, hesabuni tena. Kisha tuma ujumbe mmoja kwenye kundi la wazazi. Wakati wa joto la huko Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa baridi yao saa mbili, kwa hiyo usipige simu usiku wa manane ukidhani huko nyumbani bado mapema. Mimi niliandika: "Tuko ndani ya treni, wote 14." Jibu la kwanza lilitoka Ukerewe, kwa bibi wa yule binti, aliyeandikiwa na jirani: "Wameshakula?"